Matatizo ya Kadi ya Picha katika Kompyuta ya Nyumbani: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua Nyingine

Kadi ya picha ni miongoni mwa sehemu za bei kubwa katika kompyuta ya mezani, na ndiyo inayoshutumiwa upesi kuliko zote. Kioo kikibaki cheusi, picha ikijaa mistari au mchezo ukiganda katikati, jibu la kwanza ambalo mlaji hulipata mara nyingi ni kwamba kadi imekufa na inabidi inunuliwe nyingine. Huenda ikawa kweli. Lakini dalili hizo hizo huletwa pia na waya uliolegea, kumbukumbu isiyokaa sawasawa, vumbi, umeme usiotosha au programu iliyoharibika, na mengi kati ya hayo hurekebishwa kwa gharama ndogo au bila gharama kabisa. Makala haya yanaeleza namna ya kuyachunguza kwa utaratibu, kuanzia yaliyo nje ya kompyuta na kuelekea ndani, ili mlaji anapofika kwa fundi au dukani awe anajua anacholipia.

Kazi ya kadi yenyewe ni rahisi kueleza. Hupokea maelekezo kutoka kwa prosesa, huyageuza kuwa picha, kisha huipeleka picha hiyo kwenye kioo mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, feni zake, na aghalabu waya wake wa umeme. Ni kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya kompyuta, na ndiyo maana huweza kushindwa kwa njia nyingi.

Je, kompyuta yako inayo kadi hiyo?

Swali hili si la kitoto. Kompyuta nyingi za nyumbani, hasa zile zilizotumika maofisini ng'ambo na kuletwa kuuzwa upya, hazina kadi ya picha ya pekee. Picha hutengenezwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa. Mwenye kompyuta ya aina hiyo akiambiwa kwamba kadi yake imeungua, ana haki ya kuomba aonyeshwe kadi hiyo kwanza.

Geuza kasha utazame nyuma. Matundu ya picha yaliyo katika kundi moja na matundu ya sauti, kibodi na intaneti ni ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Matundu ya kadi hukaa peke yake, chini ya kundi hilo, katika kipande cha bati kilicholala. Ikiwa kompyuta inayo kadi, waya wa kioo unapaswa kuchomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mkuu. Kosa la kuuchomeka pasipofaa hutokea sana baada ya kuhama nyumba au kufagia nyuma ya meza: kompyuta inawaka, feni zinazunguka, kioo ni giza. Hakuna kilichoharibika.

Jambo la pili la kujua ni kama prosesa yako ina uwezo wa kutoa picha bila kadi. Kwa prosesa za kompyuta za mezani za Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama vile Core i5-12400F, huonyesha kwamba uwezo huo haupo. Zile za jamii hiyo hiyo zisizo na herufi hiyo kwa kawaida wanao. Ukiwa nao, una kipimo kizuri kuliko vyote na kisichogharimu senti: zima kompyuta, chomoa kadi, chomeka waya wa kioo kwenye ubao mkuu, kisha washa. Picha ikitokea na kutulia, mashaka yanaangukia kadi, tundu lake au umeme wake. Giza likiendelea vile vile, tatizo huenda liko kwingine, na kununua kadi mpya wakati huo ni kutupa fedha.

Kioo kinapokuwa cheusi

Anza na kioo chenyewe. Chomoa waya wa picha ukiwa umekiacha kioo kimewashwa. Vioo vingi vilivyo hai huonyesha maandishi yao wenyewe, kama "No Signal", au alama ya waya uliochomolewa. Kisipoonyesha chochote, angalia umeme wake na kitufe cha kuchagua tundu la kuingizia picha, kwa sababu kioo kilichowekwa kusubiri picha ya HDMI hakitaonyesha kitu kikiletewa ya VGA. Nyumba iliyo na king'amuzi cha televisheni tayari ina chombo cha kupimia: chukua waya wa HDMI wa king'amuzi uuchomeke kwenye kioo cha kompyuta, kisha uchukue kompyuta uiunganishe na televisheni. Kwa dakika tano utakuwa umejua upande wenye ugonjwa.

Waya nao huharibika. Pini za VGA hupinda mtu anapozilazimisha, na waya wa HDMI uliokunjwa kwa muda mrefu nyuma ya meza hukatika ndani bila kuonekana kwa nje. Tahadhari zaidi inahitajika kwa wenye vioo vya zamani vya VGA na kadi za miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2016, kadi za NVIDIA za jamii ya GeForce GTX 10 na zilizofuata hazitoi mawimbi ya VGA. Ili kuziunganisha na kioo cha VGA panahitajika kigeuzi chenye chipu ndani yake. Kipande cha plastiki kinachobadilisha umbo la plagi tu hakitafanya kazi, hata muuzaji akiapa. Kigeuzi hiki cha bei ndogo kikifa, mwenye kompyuta huona kioo cheusi na kudhani kadi ndiyo iliyokufa.

Kioo na waya vikiwa vizima, tazama kama kompyuta yenyewe iko hai. Bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta imeamka na inafanya kazi, ila picha haifiki. Taa isipojibu, huenda kompyuta haijaanza kabisa, na hapo mtuhumiwa wa kwanza si kadi ya picha bali kumbukumbu, yaani vile vibao vyembamba vya RAM. Kumbukumbu iliyolegea huleta giza lile lile, feni zikizunguka kama kawaida. Kuzichomoa na kuzirudisha hadi klipu za pembeni zifunge ni kazi ya dakika mbili, na kwa maoni yetu fundi yeyote anayetangaza kifo cha kadi kabla ya kuifanya kazi hiyo hajachunguza.

Kabla ya kufungua kasha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani utoke. Gusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kadi. Kisanduku cha kugawa umeme, yaani pawa saplai, kisifunguliwe kamwe nyumbani. Ndani yake hubaki chaji inayoweza kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Kadi hukaa katika tundu refu la ubao mkuu na hushikwa kwa skrubu upande wa bati na klipu ndogo upande wa pili. Kadi nzito zilizo na feni mbili au tatu hulemea na kuinama kwa uzito wake, hasa kompyuta inaposafirishwa garini. Bonyeza klipu, ichomoe kadi kwa kuivuta sawasawa, tazama meno yake ya rangi ya dhahabu. Katika miji ya pwani, kama Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, hewa yenye chumvi na unyevu huweza kuacha utando mweusi juu ya meno hayo. Ufutio laini wa penseli huuondoa; maliza kwa kitambaa kilichotiwa kidogo spiriti safi ya kusafishia vifaa vya kielektroniki, acha ikauke, kisha rudisha kadi mpaka klipu ilie. Usitumie msasa wala kisu.

Picha ikiwepo lakini imeharibika

Mistari, madoa ya rangi, vipande vya picha vilivyohama mahali pake: hizi ndizo dalili zinazomtisha mtu, na ndizo zinazotafsiriwa vibaya zaidi. Yapo maswali mawili ambayo majibu yake hutenganisha karibu kila kitu.

Swali la kwanza ni wakati gani hasa uharibifu unaanza. Washa kompyuta utazame nembo ya mtengenezaji inayotokea kabla ya Windows kupakia. Ikiwa mistari ipo tayari wakati huo, au ipo katika ukurasa wa mipangilio ya BIOS, programu haihusiki, na lawama ni ya waya, kioo au kadi. Ikiwa nembo ni safi na mistari inaanza Windows inapofunguka, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko katika draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Dukani hautaelezwa hivyo mara nyingi, maana kurekebisha draiva hakumpatii muuzaji mauzo.

Swali la pili: mistari ikiwa imejaa kiooni, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, uihifadhi, kisha itume kwenye simu uitazame huko. Kwa kawaida, picha ikionekana safi kwenye simu, kadi imeitengeneza vizuri na uharibifu unatokea njiani, katika waya au kioo. Ikionekana na mistari yake, imetoka kwenye kadi au draiva ikiwa tayari imeharibika.

Draiva inapohusika, anza na njia isiyohitaji intaneti. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa na huenda utasikia mlio mfupi, na draiva itakuwa imeanzishwa upya bila kufunga kazi zako. Ikisaidia kwa muda tu, fungua Device Manager, tafuta kadi chini ya Display adapters, na uchague kurudi kwenye draiva iliyotangulia. Hatua hii inafaa sana ikiwa tatizo lilianza mara tu baada ya Windows kujisasisha. Draiva za kadi za kisasa hufikia mamia ya megabaiti, kwa hiyo mwenye kununua bando ana sababu ya kutumia iliyomo tayari kabla ya kupakua nyingine. Ikibidi kupakua, pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu tu: NVIDIA, AMD au Intel. Matangazo yanayochomoza yakidai kwamba kompyuta yako ina draiva chungu nzima zilizopitwa na wakati, na kwamba kwa malipo zitasasishwa, ni ya kupuuzwa. Programu za aina hiyo hazihitajiki, na baadhi huja na virusi.

Huenda pia ukaona ujumbe kwamba draiva ya picha imeacha kujibu na imerejea. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Ikipitisha muda huo, huianzisha upya draiva badala ya kuiacha kompyuta yote iganda. Tukio moja kwa mwezi si la kupigia kelele. Likijirudia kila unapofungua mchezo fulani, huenda mchezo wenyewe ndio wenye kasoro. Likijirudia katika kila kazi nzito, tazama joto na umeme kabla ya kuituhumu kadi.

Joto na vumbi

Kadi nyingi zikiwa na kazi nzito hufikia kati ya nyuzi 60 na 85 za Selsiasi bila kudhurika. Zikikaribia nyuzi 90 na kuendelea, nyingi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na hapo mchezo uliokuwa ukienda vizuri huanza kukwama baada ya dakika kumi au ishirini. Hiyo ndiyo alama ya joto: kompyuta ni nzima ikiwa baridi, hugonjeka ikipata moto. Windows 11, na Windows 10 tangu toleo la mwaka 2020, huonyesha joto la kadi ndani ya Task Manager, katika ukurasa wa Performance, bila kuhitaji programu nyingine.

Vumbi hujenga zulia kati ya feni na mapezi ya kupozea, na hasa katika nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi kazi hiyo huchukua miezi michache tu. Lisafishe kwa brashi laini na hewa, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke. Kama feni moja haizunguki kabisa hata kadi ikiwa moto, inaweza kubadilishwa peke yake. Hakuna sababu ya kutupa kadi nzima kwa ajili ya feni. Zingatia tu kwamba kadi nyingi za kisasa husimamisha feni makusudi wakati kazi ni nyepesi. Feni iliyosimama huku unaandika barua si ushahidi wa ubovu.

Umeme

Sehemu hii inastahili kusomwa kwa makini na kila anayetaka kuiongezea kadi kompyuta iliyotoka ofisini. Kompyuta hizo ndogo, za aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ni nzuri na imara, lakini nyingi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kadi ya picha. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu limewekewa kikomo cha wati 75. Kadi kama GeForce GTX 1050 Ti imepangiwa matumizi ya wati 75, ndiyo sababu matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. GeForce GTX 1660 hutumia wati 120, na Radeon RX 580 hutumia 185. Hizo mbili huhitaji plagi ya umeme kutoka kwenye pawa saplai: yenye pini 6 hubeba wati 75, na yenye pini 8 hubeba 150.

Kwa hiyo kadi isiyo na hitilafu yoyote, ikiwekwa katika kompyuta isiyoweza kuilisha, itaonekana mbovu. Dalili yake hutambulika: kompyuta inafanya kazi vizuri, lakini mara tu mchezo unapoanza inajizima ghafla, au inajiwasha upya, bila mistari wala ujumbe wa kosa. Kadi mbovu kwa kawaida huharibu picha. Umeme usiotosha huizima kompyuta nzima.

Baadhi ya wauzaji hutatua tatizo hili kwa kiunganishi cha bei rahisi kinachochukua umeme wa plagi ya SATA, iliyokusudiwa kwa diski, na kuupeleka kwenye plagi ya pini 6 ya kadi. Tunakishauri kikataliwe. Plagi ya SATA imepangiwa ampea 4.5 kwa volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi inaweza kudai 75 kupitia plagi hiyo. Plastiki huyeyuka, na moto huweza kufuata.

Hata viunganishi halali huyeyuka visipochomekwa hadi mwisho. Mwishoni mwa mwaka 2022, muda mfupi baada ya GeForce RTX 4090 kuingia sokoni, plagi za umeme za baadhi ya kadi hizo ziliyeyuka. NVIDIA ilisema Novemba mwaka huo kwamba ilikuwa imepata taarifa za matukio yapatayo 50 duniani kote, na kwamba tatizo lililoonekana zaidi ni plagi kutochomekwa kikamilifu. Baadaye muundo wa plagi hiyo ulirekebishwa. Ikiwa unasikia harufu ya plastiki iliyoungua, zima kwenye swichi ya ukutani kwanza, ndipo uchunguze.

Kwa upande wa umeme wa ukutani, kupanda na kushuka kwa volti hudhoofisha pawa saplai pole pole. Stabilaiza au UPS iliyo na uwezo wa kutosha ni ulinzi wa maana. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta na usiichomeke tena mpaka urudi na kutulia, kwa kuwa hatari kubwa iko katika ule mshtuko wa kurudi.

Kadi inapokuwa imekufa kweli

Ipo siku kadi huwa imekufa. Kadi ambayo inatoa mistari tangu nembo ya kwanza, katika kioo kingine, kwa waya mwingine, na kuitoa vile vile ikihamishiwa kompyuta ya jirani yenye umeme wa kutosha, haina utetezi uliobaki.

Hapo ndipo mlaji hukutana na matengenezo ya hewa ya moto. Fundi huipasha chipu kwa mashine anayoiita blowa, kadi inaamka, mteja anafurahi na kulipa. Ni kweli kwamba joto linaweza kuzirudisha kwa muda sehemu zilizoachana. Lakini sababu ya kuachana kwake haijaondolewa, na kadi nyingi zilizofufuliwa hivyo hufa tena baada ya siku au wiki chache. Wengine hufika hatua ya kuiweka kadi katika oveni ya kuokea mikate. Mvuke unaotoka kwenye plastiki na madini yake hauna nafasi jikoni, na jambo hilo lisifanywe. Kwa kazi ya blowa, ulizia mambo matatu kabla ya kukubali: dhamana ya maandishi ni ya muda gani, fedha zitarejeshwa ikifa ndani ya muda huo, na kama kuna sehemu inayobadilishwa, je, utakabidhiwa ile ya zamani. Fundi anayekataa yote matatu amekupa jibu.

Si kila kifo cha kadi ni kosa la mtumiaji. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola za Marekani milioni 150 na 200 kwa ajili ya gharama za chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa malighafi zilizofungashia chipu hizo. Wenye kompyuta hizo walikuwa hawajazitumia vibaya. Kwa hiyo kadi yako ikifa mapema, tafuta kwanza kama mtengenezaji ametoa tangazo la kasoro au kuongeza dhamana kwa aina hiyo, na usitie saini karatasi yoyote inayosema kwamba ubovu umetokana na matumizi yako kabla ya uchunguzi.

Kununua nyingine

Soko la kadi zilizotumika ni kubwa, na ndani yake mna bidhaa nzuri. Mna pia kadi zilizofanya kazi usiku na mchana katika uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi za picha, na kadi nyingi za kazi hiyo zikaingizwa sokoni. Kutumika kwa uchimbaji peke yake hakuifanyi kadi kuwa mbovu, ila feni na pesti ya kupitisha joto huwa zimechoka, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo anapopatana bei.

Kubwa zaidi ni kadi bandia. Wadanganyifu huchukua kadi ya zamani, mathalani GeForce GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011, na kubadilisha programu iliyomo ndani yake ili ijitambulishe kwa Windows kwa jina la kadi mpya, kama GTX 1050 Ti. Boksi ni jipya, kibandiko ni kipya, na Device Manager inathibitisha uongo huo kwa sababu inasoma kile inachoambiwa. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, hutambua nyingi kati ya hizi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ipakue kwenye flashi uende nayo dukani. Dalili ya macho ni tundu la VGA: kadi inayoitwa GTX 1050 Ti na ina tundu hilo inastahili kushukiwa papo hapo. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote ni dalili ya tatu.

Omba kadi ijaribiwe mbele yako kwa kazi nzito walau dakika kumi na tano. Kuonyeshwa picha tulivu ya Windows hakutoshi, kwa kuwa kadi mbovu nyingi huvumilia kazi nyepesi. Dai risiti ya mashine ya EFD, na uhakikishe inataja aina kamili ya kadi. "Vifaa vya kompyuta" ni maelezo yasiyokusaidia siku ya mgogoro. Andika namba ya utambulisho iliyo kwenye kadi nyuma ya risiti, muuzaji akiona.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Pia mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, kwa kawaida bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Hii ndiyo faida ya kumtajia muuzaji aina ya kompyuta yako na pawa saplai yake kabla ya kulipa, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu unaobaki. Sheria hiyo hiyo humhesabu mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kuikataa kuwa ameikubali. Kwa hiyo ifunge kadi na kuijaribu siku ile ile, na ukiona kasoro toa taarifa bila kuchelewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na kadi bandia zinaguswa pia na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya kuhusu kile anachouza.

Malalamiko ambayo muuzaji amekataa kuyashughulikia yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani. Beba risiti, picha za kadi pande zote mbili, picha ya GPU-Z kama ipo, nakala za mawasiliano yako na muuzaji, na maelezo mafupi ya tarehe: siku uliyonunua, siku kasoro ilipoonekana, siku uliyomjulisha na alivyojibu. Muuzaji akiomba aachiwe kadi ili aichunguze, mpe baada ya kukuandikia hati ya mapokezi yenye namba ya utambulisho wa kadi hiyo, sahihi yake na tarehe ya kuirudisha.